Kabla ya tochi ya ukaguzi, shika chepe

"Kaka shikamoo. Nimemaliza diploma ya maji, nataka kuingia kwenye ukaguzi wa mahandaki kama wewe. Ila nisaidie nianzie kwenye ukaguzi moja kwa moja. Sikusoma miaka yote ile ili nije kuzoa tope."

Ujumbe huu uliniingia wiki iliyopita kutoka kwa kijana mmoja wa Morogoro. Sikumjibu siku ile, kwa sababu ulinigusa pabaya. Leo nimetulia. Marahaba, mdogo wangu. Nakujibu hapa mbele ya wote kwa kuwa najua hauko peke yako. Wengi mnaonisoma mna vyeti mkononi na ndoto ya kufanya kazi kwenye miundombinu mikubwa, nyumbani au huku Uskoti niliko mimi.

Jibu langu ni fupi: hakuna ukaguzi bila usafi. Maelezo yake ndiyo marefu.

Jiji la Glasgow linakunywa maji ya Loch Katrine, ziwa lililoko milimani kaskazini mwa jiji. Maji yale yanakuja yenyewe kwa mteremko, bila kusukumwa na pampu. Mfereji wa kwanza ulibuniwa na mhandisi John Frederick Bateman, na Malkia Victoria aliufungua Oktoba 1859. Una zaidi ya kilomita 41 hadi bwawa la Mugdock, pale Milngavie, mji mdogo ulio pembezoni mwa Glasgow, na karibu nusu ya njia hiyo ni mahandaki yaliyochimbwa kwenye mwamba, upana wake futi 8. Mteremko ni inchi 10 kwa maili, yaani kama sentimita 16 tu kwa kilomita nzima. Hebu tuliza akili hapo. Mteremko mdogo kiasi hicho hauvumilii kitu. Changarawe ikilala chini, utando ukigandamana ukutani, maji yanapunguza mwendo na mji unapata pungufu. Kwa hiyo anayezoa tope mle ndani ndiye anayewarudishia watu maji yao.

Na msifikiri waliochimba walikuwa na mashine. Walitoboa mwamba kwa mkono, kwa nyundo na patasi za chuma, kisha wakalipua kwa baruti. Sehemu nyingine mwamba ulikuwa mgumu hata mwezi mzima, usiku na mchana, ukawapa yadi 3 tu. Kambi yao kubwa waliibatiza Sebastopol, jina la mji uliozingirwa na kupigwa mizinga, kwa jinsi milipuko ilivyowakumbusha vita vya Crimea vilivyokuwa vimetoka kupiganwa. Na jasho lao liliokoa watu. Kipindupindu kilikuwa kimeua maelfu Glasgow mwaka 1832, kikarudi 1848 na tena 1853. Kiliporudi 1866, maji ya Loch Katrine yakiwa yameshafika, waliokufa hawakufika 100. Mkienda bustani ya Kelvingrove mtaona chemchemi nzuri ya mawe ya mwaka 1872, ya kumuenzi meya Robert Stewart aliyeupigania mradi ule. Alistahili. Lakini majina ya waliotoboa mwamba hayamo, na mimi kila nikipita pale moyo unaniuma.

Unaniuma kwa sababu yalinikuta.

Mwanzoni nilipofika huku nilikuwa na kampuni moja ya ukandarasi, kwenye handaki jingine la zama zilezile, la matofali. Cheti changu cha ufundi walikipokea, wakakiweka pembeni, wakanipa chepe na toroli. Wakaguzi walipita na kamera zao, sisi tukabaki nyuma tukizoa. Siku moja nazoa kwenye kona ya ukuta na sakafu, nikaona mchanga umebadilika. Tope lote la mle lilikuwa jeusi, la kuteleza, lenye harufu ya majani yaliyooza. Huu ulikuwa mchanga wa kijivu, laini, msafi, kama umechekechwa. Nikauondoa, ukarudi polepole na uzi mwembamba wa maji. Mchanga msafi unaojirudisha hautoki ndani ya handaki. Unaingia kutoka nje, kupitia kiungio kilichofunguka, na kila punje inayoingia inaacha uwazi nyuma ya ukuta. Nikagonga tofali kwa nyundo. Penye ukuta mzima nyundo inalia kwa ukali na kurudi mkononi. Pale ililia kama debe tupu. Nikaendelea kugonga kwa hatua kadhaa, ikalia vilevile.

Kamera ilikuwa imeshapita pale na haikuona chochote. Ingeonaje, na kiungio kilikuwa chini ya tope? Nilimwita msimamizi, wakaja, wakapima, wakakubali. Ripoti ilipotoka, ugunduzi ule ulipewa picha kubwa na jina la mtu ambaye siku hiyo hakuwemo hata ndani ya handaki. Nilipouliza nikaambiwa vibarua hawaandikwi kwenye ripoti. Miaka imepita na bado nikiikumbuka ile kauli naumia.

Mwezi uliopita timu yetu ya sasa imekabidhi ripoti ya kipande kirefu tulichokisafisha na kukikagua wenyewe. Ukurasa wa kwanza una majina ya wote walioingia shimoni, na la kwangu ndilo la juu kama kiongozi wa zamu. Nimempigia mama Tanga nikamsomea. Nasema hili kwa fahari na siombi radhi.

Sasa ushauri, mdogo wangu. Omba kuanza na usafi, usisubiri kupangiwa. Ukiwa unazoa, angalia unachozoa: rangi yake, ukubwa wa punje, kimelala wapi, kimetoka wapi. Kipande cha tofali kwenye tope kina mahali kilipotoka, inua kichwa upatafute. Tembea na nyundo ndogo na chaki. Kila ufa uwekee alama na uandike umbali wake kutoka kwenye shimo la kuingilia, maana mle ndani kila ukuta unafanana na mwenzake. Andika kwenye daftari lako mwenyewe, kwa mkono wako, tarehe na saa, siku hiyohiyo. Usiseme nitaandika jioni. Daftari lile ndilo lililonipa nguvu ya kudai baadaye, kwenye kampuni nyingine, kwamba nami ni mkaguzi.

Ya usalama nayasema haraka kwa kuwa mtafundishwa, ila yashikeni. Usiingie bila kibali na bila kuhakikisha malango ya maji yamefungwa na kutiwa kufuli. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Kipima gesi chetu hulia ikishuka chini ya 19.5, na kikilia tunatoka, hakuna kubishana. Mtu wa juu ya shimo haondoki hata kwa chai. Na kwa kuwa haya ni maji ya kunywa, gambuti na vifaa vyote huoshwa kwa dawa ya klorini kabla ya kushuka, na nguo zilizowahi kuingia kwenye majitaka haziruhusiwi kabisa. Nimeona vijana wakilichukulia hili kama usumbufu. Watu wanayanywa yale maji. Ukilidharau hilo, kazi hii haikufai, tafuta nyingine.

Glasgow walijenga mfereji wa pili sambamba na ule wa kwanza wa Loch Katrine, ukakamilika 1901. Ndiyo maana leo tunaweza kuukausha mmoja tukasafisha huku mwingine unapeleka maji mjini. Sisi kwetu je? Nairobi imepata handaki la Northern Collector kule Murang'a, karibu kilomita 12 chini ya ardhi kuelekea bwawa la Ndakaini. Mombasa inategemea bomba la kutoka chemchemi za Mzima tangu miaka ya 1950. Vitu hivi vinazeeka kama vingine vyote, vitahitaji watu wa kushuka, kuzoa na kugonga kuta, na sipendi tufike mahali pa kuagiza watu hao kutoka nje kwa sababu vijana wetu waliona haya kushika chepe. Someni, ndiyo. Lakini mkononi muwe na sugu.

Kwa hiyo, kijana wa Morogoro, fanya hivi. Tafuta mafunzo ya kuingia sehemu finyu, nenda mamlaka ya maji iliyo karibu nawe, uombe kujitolea siku wanaposafisha matangi au chemba. Chukua daftari. Ukishajaza kurasa kadhaa nipigie picha unitumie, nami nitakusaidia kuandika barua ya maombi nikiwa na cha kukusemea.