Jibu: Nywele kunyonyoka baada ya homa

Dadangu, pole. Wasema nywele zakutoka tangu ulipougua dengi, kichwa chawasha na usiku hulali kwa wasiwasi. Homa kali huzifanya nywele nyingi zipumzike kwa pamoja, kisha miezi 2 au 3 baadaye huanza kunyonyoka. Kwa kawaida huota tena zenyewe. Basi usizihesabu kwenye kitana, utajitia wazimu bure. Fumua hiyo misuko ya kubana. Na kwa joto letu hili la Mombasa, usifunge ushungi nywele zikiwa mbichi. Kichwa kikichoma, weka kitambaa cha maji baridi. Ndimu na kitunguu (najua mashangazi washakwambia) achana navyo. Ukiona viraka vitupu, usaha au magamba, nenda kwa daktari wa ngozi, usingoje.