Kabla ya Kukata Vitambaa Ulivyopewa

Habari ikishaenea kwamba unashona mablanketi ya viraka, mifuko huanza kuja yenyewe: mabaki ya fundi cherehani, mapazia ya zamani, mashati yaliyochakaa kola tu, na nguo za marehemu ambazo wenyewe hawakuwa na moyo wa kuzitupa. Miaka ya mwanzo nilipokea kila kitu kwa shukrani na kukikata siku hiyo hiyo. Nilichovuna ni sanduku lililojaa miraba ya vipimo visivyokubali kuungana, pamoja na blanketi moja lililojikunja kama jani kavu lilipofuliwa mara ya kwanza. Cherehani haikuwa na kosa. Nilikuwa nimekata kabla ya kuchambua.

Siku hizi mkasi hukaa mbali mpaka kila kipande kiwe kimekunjuliwa na kuinuliwa mbele ya dirisha. Mwanga huonyesha sehemu zilizokonda kuliko macho yanavyoweza kuona kitambaa kikiwa mezani. Baada ya hapo nakivuta kwa mikono miwili, kwa urefu na kwa upana, na kinachoanza kuachia nyuzi hukiweka kando hata kama maua yake yanapendeza, kwa kuwa kitakuja kuchanika kikiwa katikati ya viraka vizima, na kukitoa huko ni kazi kubwa kuliko kukitupa leo. Kilicho na harufu ya kuvu hufuliwa na kuanikwa juani. Kikirudi na harufu ile ile, safari yake inaishia hapo. Aliyekupa mfuko hakukupa wajibu wa kutumia kila kilichomo, ingawa nakiri kwamba ilinichukua miaka kulikubali hilo.

Uchambuzi unaofuata ni wa aina ya nyuzi. Pamba safi, polista, na mchanganyiko wa viwili hivyo vinaweza kufanana kabisa, lakini haviishi vizuri pamoja: pamba husinyaa kwenye maji ya moto na polista haisinyai, ndiyo maana blanketi langu lilijikunja. Pasi yenye joto la pamba nayo huiharibu polista, ikaanza kung'aa na kujikunyata. Ukiwa na shaka, chota nyuzi chache, zishike kwa koleo juu ya bakuli la maji, kisha uziwashe. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini; polista huyeyuka na kuganda kuwa kitonge kigumu; sufu na hariri hunuka kama nywele zilizoungua. Ukipata jivu lenye vitonge ndani yake, huo ni mchanganyiko. Vitambaa vya fulana, vilivyofumwa kwa vitanzi na vinavyonyumbuka, naviweka kwenye mfuko wao, na vya jinzi vivyo hivyo, kwa sababu uzito wake huelemea mshono wa kitambaa chepesi.

Kisha kuna kufua, hatua ambayo wengi huiruka kwa sababu vipande vidogo hujiviringisha vikawa fundo moja la nyuzi. Mfuko wa wavu hutatua sehemu kubwa ya tatizo hilo. Rangi zilizokolea, hasa nyekundu na buluu nzito, huziloweka peke yake katika maji ya moto pamoja na kitambaa cheupe kwa nusu saa. Cheupe kikitoka na rangi, narudia, na baada ya mara ya tatu natoa hukumu. Niliwahi kuamini nyekundu moja kwa macho tu, na nyota nyeupe zilizoizunguka zikageuka waridi.

Katika ukataji wenyewe, jambo lililonisaidia kuliko yote ni kuchagua vipimo vichache vinavyoelewana na kuvishikilia. Nafasi ya mshono ninayotumia ni robo inchi, takribani milimita 6, kila upande; kwa hiyo mraba uliokatwa inchi 2.5 hubaki inchi 2 ukishashonwa pande zote. Vipimo vyangu ni inchi 1.5, 2.5, 4.5 na 8.5, na uzuri wake ni kwamba miraba minne ya kipimo kimoja ikiunganishwa hutoa mraba unaolingana na kipimo kinachofuata. Kipande chochote kinachoingia nyumbani kinapata mahali pake bila kupigiwa hesabu upya.

Hesabu nyingine ndiyo iliyonifanya niache uchoyo wa vipande vidogo. Mraba wa inchi 2.5 una eneo la inchi za mraba 6.25, na zinazoonekana baada ya kushona ni 4 tu, yaani asilimia 36 ya kitambaa imejificha kwenye mishono. Mraba wa inchi 4.5 hupoteza asilimia 21. Wa inchi 1.5 hupoteza zaidi ya nusu. Ndiyo maana nakata kipimo kikubwa kabisa ambacho kipande kinaruhusu, na kipande chembamba kirefu nakiacha kiwe utepe wa upana wa inchi 2.5, kwa kuwa utepe unaweza kuwa miraba kesho, ila miraba haiwezi kurudi kuwa utepe.

Angalia pia mwelekeo wa nyuzi. Mtande, yaani nyuzi za urefu, haunyumbuki sana. Mshindio, yaani nyuzi za upana, hunyumbuka kidogo. Ukivuta kwa mshazari, kitambaa hurefuka na kupoteza umbo. Mabaki mengi hayana ukingo wa kiwandani wa kukuonyesha njia, hivyo vuta pande mbili na uchukue ule usionyumbuka kuwa mtande. Kipande kilichokwisha kukatwa kimshazari nakinyunyizia maji ya wanga, nakipiga pasi kwa kukandamiza na kuinua badala ya kuburuta, kisha ndipo nakikata. Kwa mashati, kata kando ya mishono badala ya kuifumua: mgongo ndio unaotoa vipande vikubwa, mikono inafuata, na kola usihangaike nayo.

Vilivyokatwa navipanga kwa kipimo kwanza, halafu kwa weupe na weusi wake, si kwa jina la rangi. Nikishindwa kuamua, napiga picha isiyo na rangi kwa simu, na kilichodhaniwa kuwa cheupe mara nyingi huonekana cha kati. Nyuzi na chenga zilizobaki huenda kujaza mito, baada ya kupitishwa sumaku mara mbili, kwa maana mifuko ya msaada huja na pini ambazo hakuna aliyekumbuka kuzitaja.