Jibini iliyobaki kwenye pakiti: itie kwenye katlesi, chapati na sima ya jana

Ukipika piza au lasanya nyumbani, jibini ya pakiti, ile inayouzwa imeshakunwa, huwa haimaliziki. Hubaki konzi mbili tatu, ukaukunja mdomo wa pakiti, ukaisukuma nyuma ya friji, na kwa unyevu huu wetu wa Mombasa hukawii kuikuta imeota ukungu. Na bei yake unaijua.

Mimi nimeacha kuitafutia mapishi ya ugenini. Naitia kwenye vyakula tunavyokula siku zote, kidogo kidogo, na karibu kila mara naitia mwisho. Jibini ina chumvi na ina mafuta, kwa hivyo popote inapoingia, punguza hivyo viwili.

Kwanza tumalize habari ya kuiweka. Pakiti ikishafunguliwa, ihesabie siku 5 hadi 7 kwenye friji. Ukiona wiki hii huna cha kuipikia, igandishe mapema, usingoje ianze kunuka. Itoe hewa, ilaze pakiti iwe bapa ili isigande donge moja, kisha itie kwenye friza. Siku ya kupika usiiyeyushe. Chota unachotaka, ukimwage moja kwa moja kwenye chakula cha moto. Ikishaganda huwa inavunjikavunjika, haifai tena kunyunyiziwa saladi, lakini kwa kupika haina neno. Stima ikipotea, friza usiifungue ovyo.

Ukungu nao usiuchezee. Kipande kizima cha jibini ngumu unaweza kukikata sentimita 2 na nusu kuzunguka palipoharibika ukala kilichobaki. Iliyokunwa haikatiki hivyo, kwa sababu ukungu hupita baina ya nyuzi zake usiuone. Tupa pakiti nzima. Ila ule unga mweupe unaoshika vidoleni si ukungu: ni wanga wa mahindi au wa viazi, au selulosi, unaotiwa kiwandani ili nyuzi zisishikane. (Na wanaojali uhalali wa kile kilichogandisha maziwa, someni pakiti kabla ya kulipa. Kuna kimeng'enya cha ndama, na kuna cha mimea au vijidudu.)

Sasa katlesi. Hapa ndipo jibini yangu nyingi inapoishia. Chemsha viazi na maganda yake visinywe maji, menya vikiwa moto, viponde mpaka visibaki na madonge. Tia pilipili manga, dania iliyokatwa ndogo na ndimu. Chumvi tia nusu ya unayotia siku zote. Kima ipike kama kawaida yako na thomu na tangawizi, ikauke kabisa, kisha iache ipoe. Usiharakishe hapo, maana kima ya moto huyeyusha jibini kabla ya wakati wake, na katlesi yako inalegea mkononi. Tandaza kiazi kwenye kiganja, weka kijiko cha kima katikati, juu yake chembe za jibini za kushikika kwa vidole vitatu tu, ufunike na kuviringa. Pitisha kidole kilicholowa maji palipopasuka. Ziweke kwenye friji nusu saa, halafu chovya kwenye yai lililopigwa na uzikaange kwa mafuta yaliyoshika moto sawasawa. Ufa mdogo tu, jibini hutoka na mafuta yanaanza kuruka.

Mozarela huvutika, na watoto wanalipenda hilo. Cheda ina ladha zaidi ila hutoa mafuta mengi. Zikibaki mbili, changanya. Mavyaa wangu, ambaye ukimtajia jibini hukunja uso, hula katlesi hizo na kuuliza kima imetiwa nini leo. Sijamwambia.

Chapati ya jana haitaki kazi. Tawa kavu, moto mdogo, jibini upande mmoja, na kitunguu, pilipili mbichi na nyanya iliyotolewa mbegu. Ikunje, ifunike na kifuniko cha sufuria ili mvuke uyeyushe ndani, geuza mara moja. Iliwe na pilipili ya ukwaju. Bila kitu kichachu, jibini hukinaisha haraka. Sima iliyolala nayo ikate vipande vya unene wa kidole, ikaange mpaka ishike rangi pande zote mbili, kisha nyunyiza jibini na ufunike kidogo. Mayai: tia jibini yakiwa yameshika nusu, si kabla.

Kwa makaroni ya sosi ya maziwa, epua sufuria kwanza ndipo umwage jibini, ukikoroga. Sosi ikichemka nayo ndani, hushikana madonge na mafuta yakajitenga juu, na hakuna mwiko utakaoirudisha.

Kwenye nazi siitii. Mbaazi za nazi, samaki wa kupaka, vyote hivyo vina mafuta yao na utamu wao, na jibini huviziba. Nimeona pia watu wakiinyunyizia biriani. Hapo mimi simo.

Zile chembe za mwisho, zisizotosha hata chapati moja, zitandaze nyembamba kwenye kikaangio kisichoshika, bila mafuta. Zitatoa povu, ngoja povu litulie na kingo zigeuke rangi ya kahawia, epua, usiziguse mpaka zipoe. Hukauka zikawa kama krispi. Zivunje juu ya supu ya viazi, au waachie watoto kabla hawajaanza kuuliza chakula kiko wapi.