Achari ya friji: anza na chupa moja

Migebuka wa kuchoma, samaki wa Ziwa Tanganyika, wakiwa mezani na ugali wa muhogo umeshapakuliwa, mdomo hutaka kitu kikali cha kukata mafuta. Kwa miaka mingi kwangu kitu hicho kilikuwa kachumbari. Ila kachumbari hailali. Ukiiacha hadi asubuhi, nyanya zimeachia maji na kitunguu kimelegea. Achari ya friji ndiyo iliyoniokoa: naitengeneza Jumapili jioni kwa kazi ya nusu saa, kisha nachota kidogo kidogo wiki mbili tatu.

Kabla ya vipimo, nieleze kosa langu la kwanza, maana ndilo ninaloona watu wengi wakilirudia. Matango yalikuwa yameshuka bei sokoni Mwanga, hapa Kigoma, nikanunua ndoo nzima, nikajaza chupa tano. Shangazi yangu wa Ujiji ana achari ya maembe inayokaa kabatini miezi kadhaa bila neno, nami nikajua achari zote ni moja. Nikazipanga chupa zangu kabatini. Siku ya tano nafungua mfuniko, ukafyatuka kwa upepo. Maji yamekuwa meupe kama yaliyooshewa mchele, povu juu, na tango ukilibonyeza linapondeka. Nilizimwaga zote tano.

Nilipomwamkia shangazi na kumsimulia, aliniuliza swali moja tu: "Uliyaanika?" Kisha akanifafanulia. "Mwanangu, maembe yangu yanakaa juani mpaka yasinyae. Natia chumvi nyingi, halafu nayazamisha kwenye mafuta. Yako yamejaa maji, yatakaaje kabatini?"

Hapo ndipo penyewe. Achari ya friji ni mboga mbichi ndani ya siki iliyochanganywa na maji. Siki inafanya nusu ya kazi, baridi inafanya nusu iliyobaki. Ukiondoa baridi, vijidudu vinaamka. Kwa hiyo chupa ikishapoa inaingia friji, na humo ndimo inamokaa mpaka iishe.

Vipimo vyangu kwa chupa moja kubwa ya mdomo mpana, ile ya jamu au ya siagi ya karanga: siki nyeupe kikombe kimoja, maji kikombe kimoja, chumvi kijiko kimoja cha chakula, sukari kijiko kimoja. Soma lebo ya siki. Nataka iliyoandikwa asilimia 5. Ikiwa hafifu zaidi, usiizidishie maji. Chumvi natumia ya Uvinza, hapa hapa mkoani kwetu, inayotokana na chemchemi za maji ya chumvi ambazo watu wamekuwa wakichemsha maji yake kwa karne nyingi, tangu kabla ya reli. Ukiwa na ya mawe, jaza kijiko kifure kidogo, kwa sababu mawe huacha nafasi katikati. Ya pakiti nayo inafaa. Kwa chumvi hiyo maji yanaweza kupoteza ung'avu kidogo tangu mwanzo, lakini hayana madhara.

Sufuria ndiyo watu wanayoisahau. Nyingi za kwetu ni za alumini, na siki moto huila alumini. Achari inatoka na ladha ya bati. Tumia ya stili au ya enameli kupashia siki, maji, chumvi na sukari mpaka viyeyuke. Kama huna, koroga chumvi na sukari kwenye maji ya moto ndani ya bakuli la kioo au la udongo mpaka viyeyuke, ndipo utie siki. Moto mkali hauhitajiki.

Tango nalikata ncha zote mbili, hasa ile iliyokuwa na ua. Ncha hiyo ina vimeng'enya vinavyolainisha tango, na ukiiacha utakula kitu kilicholegea. Kisha nakata vipande vinene kama kidole, nanyunyizia chumvi, naacha kwenye chujio kama saa moja. Utaona maji yanavyodondoka. Hayo ndiyo yangeingia kwenye siki yako na kuipunguza nguvu. Nasuuza haraka, nakausha kwa kitambaa safi. Karoti, kabichi na maharage machanga ya maganda havihitaji mzunguko huo. Kitunguu maji nakikata duara nyembamba. Hicho ndicho cha wasio na subira, kwani baada ya saa moja au mbili kinaliwa, na kimegeuka waridi ukitumia chekundu.

Chini ya chupa naweka pilipili manga nzima, mbegu za giligilani, kitunguu saumu punje mbili na pilipili mbuzi moja niliyoichoma kwa uma bila kuipasua. Kitunguu saumu kinaweza kugeuka kijani au bluu ndani ya siki. Mara ya kwanza nilikaribia kuimwaga chupa nzima. Ni asidi tu inakutana na kemikali za kitunguu chenyewe, na unakula bila wasiwasi.

Chupa osha kwa maji moto na sabuni, suuza vizuri. Isimamishe juu ya kitambaa kilichokunjwa, usiiweke juu ya saruji baridi, panga mboga, kisha mimina siki chupa ikiwa bado ina vuguvugu. Nimewahi kupasua moja kwa haraka yangu, siki moto ikatiririka hadi miguuni. Maji yafunike mboga zote. Mfuniko wa bati siki huutia kutu, kwa hiyo natandaza kipande cha nailoni safi chini yake. Acha ipoe, ingiza friji. Tango lipe siku nzima, siku ya pili yake huwa tamu zaidi.

Umeme ukikatika, usifungue friji. Ikiwa imefungwa hushika baridi kwa muda wa saa nne hivi. Maziwa na samaki ndivyo vya kuhofia kwanza, siki ina uvumilivu zaidi. Lakini ukiona povu, ukungu au utelezi kwenye mboga, mwaga bila kuonja. Hata bila dalili hizo, mimi siivushi mwezi mmoja.

Chota kwa uma safi, usitumie vidole. Yale maji yaliyobaki mwishoni siyajazi mboga mpya, yameshapungua nguvu. Nanyunyizia dagaa wa kukaanga siku hiyo hiyo, na wanangu hugombea sahani.