Dira mbili za Utaridi: somo la BepiColombo kwa sumaku ya spika mbovu

Nahodha wa Lamu haachi chuma kiwekwe karibu na dira ya jahazi. Mtoto wa pwani aliyekulia humo ameshaelewa nusu ya kazi ya BepiColombo, chombo cha Ulaya na Japani kilichorushwa Oktoba 2018 kikiwa na vyombo viwili vitakavyotengana, na kinachotarajiwa kuingia kwenye mzunguko wa sayari ya Utaridi Novemba 2026. Mwalimu wa Lamu au Malindi, hasa wa Ngomeni ambako majukwaa ya San Marco yanaonekana baharini, aanze somo na sumaku. Picha za kompyuta zingoje.

Fungua spika mbovu utoe sumaku yake ya pete. Wengi huilaza, na hapo ndipo wanapokosea: ncha zake ziko kwenye nyuso bapa, kwa hiyo ikilala, chenga za chuma zinachanua pande zote kama miale. Isimamishe kwa ukingo, uso mmoja kaskazini na mwingine kusini, uibane kwa vipande vya mbao. Juu yake weka plaiwudi nyembamba iliyoegemea vitabu.

Kwenye karatasi ya manila chora duara la nusukipenyo sm 10, uliweke ili sumaku ikae sm 2 kaskazini ya kitovu. Hizo sm 2 ndizo somo lenyewe. Nusukipenyo cha Utaridi ni km 2,440, na MESSENGER, chombo cha NASA kilichoizunguka sayari hiyo 2011 hadi 2015, kilikuta kitovu cha uga wa sumaku kimesogea karibu km 480 kuelekea kaskazini.

Chenga utapewa na fundi wa kuchomelea magrili. Vijiko viwili vya chai vinatosha. Usichukue kwa fundi wa aluminiamu, sumaku haishiki. Hewa yetu ya chumvi inazitia kutu upesi, na zikigandana hazichori kitu: zianike, uzihifadhi kwenye mkebe unaofungika vizuri. Nyunyiza kwa chujio la chai, ukigongagonga ubao kwa penseli. Msimu wa kusi funga madirisha, zisije zikaruka machoni.

Matao yatasongamana kaskazini na kuwa machache kusini. Huko kusini ya Utaridi uga ni dhaifu, na upepo wa jua, yaani gesi yenye chaji inayotoka kwenye Jua, hupata njia pana zaidi ya kufika ardhini, ukibandua atomi za sodiamu na kuzirusha angani.

Simu yenye kipimo cha sumaku, ikiwekwa mbali na ubao, itasoma kama maikrotesla (kipimo cha nguvu ya uga) 33 hapa Malindi. Kwenye ikweta ya Utaridi ingesoma takriban 0.2. Simu yako hapa ikisoma 80 au 100, vua kava kwanza. Nyingi zina sumaku ya kufungia. Meza ya miguu ya chuma nayo inaharibu kipimo.

Sasa kung'uta chenga, ulete dira mbili. Ya kwanza ni chombo cha Ulaya, kitakachopita km 480 hadi 1,500 juu ya ardhi: iweke sm 2 nje ya duara. Ya pili ni Mio ya Japani, itakayofika hadi km 11,640, yaani sm 48 nje ya duara. Huko mbali dira itaelekea kaskazini ya Dunia. Si mbovu, uga wetu umeizidi nguvu sumaku ya spika. Waambie wanafunzi pia kwamba upepo wa jua huugandamiza uga, jambo ambalo sumaku ya mezani haiwezi kuliiga.

Mwanafunzi mmoja atazame dira ya ndani peke yake. Leta sumaku nyingine, iwakilishe badiliko la upepo wa jua, sm 20 nje ya dira ya mbali: ya ndani itatikisika kidogo tu. Zungusha kidogo sumaku iliyo chini ya ubao, ambayo ni uga wa Utaridi wenyewe: dira ya ndani itayumba sana. Mwulize kila mara kilichosogea ni nini. Akiwa na dira moja, hasa ukisogeza vyote viwili kwa siri, atabahatisha. MESSENGER kilikuwa peke yake hivyo hivyo. Kisha mruhusu atazame zote mbili, urudie.