Usipakie mtaala kwa akaunti ya mtu aliyestaafu

Mkuu, usibofye chochote usiku huu. Umeuliza mambo matatu: kama kubadili majina ya kozi mbili na kuongeza krediti za kozi moja ni badiliko dogo au kubwa, pendekezo huchukua muda gani hadi Seneti, kikao cha juu cha taaluma chuoni, na utalifuatiliaje mtandaoni. Lakini katikati ya maelezo umepitisha sentensi moja kana kwamba si kitu: akaunti yako haijapewa ruhusa, kwa hiyo mkuu wa idara aliyestaafu Desemba amekupa nywila yake upakie kwa jina lake. Niliposoma hapo nikaweka kikombe cha chai chini.

Nilifanya hivyohivyo. Idara nzima ililipa.

Tulikuwa tunahuisha mtaala wa shahada ya miaka mitatu, pamoja na kubadili jina lake. Maandalizi hayakuwa ya kubabaisha. Tulifanya utafiti wa soko, tuliwafuatilia wahitimu, tuliwaita wadau, waajiri wakatusema mbele ya wanafunzi wetu na tukakubali. Idara ikapitisha, bodi ya kitivo ikapitisha. Ikabaki kupakia kwenye mfumo wa chuo ili kamati ya Seneti isome, na kazi hiyo nikapewa mimi. Akaunti yangu ilikuwa ya mhadhiri wa kawaida, haina kitufe cha kuwasilisha. Nikaenda kwa mratibu wa mfumo. Hakuinua hata macho: "Tumia ya mzee. Pendekezo ni la idara, si la mtu." Mzee alikuwa mkuu wa idara yetu aliyestaafu. Nikamuuliza maoni yakija nitajuaje. "Utaona hali yake inabadilika palepale."

Kauli ile inanichoma hadi leo. Mtu ameajiriwa aujue mfumo, halafu hajui kwamba mfumo humwandikia aliyepakia! Au alijua, ila hakutaka kusumbuka kuifungulia akaunti yangu ruhusa, kazi ya dakika kumi. Na mimi nikamwamini kwa sababu alikuwa amekaa kwenye kile kiti.

Basi kila Jumatatu nikawa naingia kwa akaunti yangu kutazama. Kila Jumatatu naikuta njano: "Inashughulikiwa". Nikamwambia mkuu mpya wa idara inashughulikiwa. Nikasema hivyo kwenye kikao cha idara, ikaandikwa kwenye muhtasari. Kumbe neno lile kwenye mfumo wetu lilikuwa na maana moja tu, kwamba pendekezo halijapitishwa wala halijakataliwa. Linaweza kuwa mezani kwa kamati, linaweza pia kuwa limerudishwa kwako na linakusubiri wewe. Sehemu ya maoni huonekana kwa mwenye pendekezo peke yake, na mwenye pendekezo alikuwa Kyela akihudumia kakao yake. Ile akaunti yake sikuifungua tena baada ya kupakia. Niliona si adabu kuchungulia akaunti ya mtu mzima.

Siku moja mjumbe wa kamati akanikuta kwenye ngazi. "Ninyi mbona hamjibu hoja zetu?" Hoja zipi? Nikapanda ofisini mbio nikajaribu kuingia, nywila ya mzee imekwisha muda. Ili ibadilishwe, mfumo unatuma tarakimu sita kwenye simu yake. Nikampigia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Vipi, ule mtaala wetu ulishapita?"

Nikakosa la kumjibu. Ilibidi atoke shambani hadi barabarani ambako mtandao unashika, anisomee zile tarakimu mojamoja kwa sauti kubwa huku pikipiki zinapita. Mara ya kwanza muda ukaisha kabla hajamaliza. Mara ya pili nikaingia.

Hoja zilikuwa tano. Ya kwanza: jalada linasema krediti 360, ukijumlisha jedwali unapata 356. Sote tunajua hesabu hiyo, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, mwaka ni krediti 120. Kozi moja ya mwaka wa pili tuliiongezea saa za maabara zikafika 120, lakini kwenye jedwali tukaiacha na krediti 8 badala ya 12. Nne zilizobaki zilikuwa ndogo kuliko hiyo: vitabu vya rejea vya zamani, saini iliyokosekana kwenye muhtasari wa kikao, mambo ya namna hiyo. Nilizimaliza zote mchana mmoja, alasiri ikanikuta nimeshawasilisha upya. Zilikuwa zimekaa pale siku 97.

Seneti ilikuwa imeshakaa. Bila uamuzi wa Seneti huwezi kupeleka mtaala TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, na bila ithibati ya TCU programu haiingii kwenye Mwongozo wa Udahili. Nasi kwa kujiamini tulikuwa tumeshaomba programu ya zamani iondolewe, maana mpya "inashughulikiwa". Mwaka ule hatukuwa na mwaka wa kwanza hata mmoja. Wahadhiri wawili wa muda hawakuongezewa mikataba. Na kuna baba alikuja na binti yake, ana bahasha ya matokeo ya kidato cha sita mkononi, amekunja vizuri kabisa. Binti alikuwa ametusikia kwenye maonesho, akasema anataka hii tu. Nikamwambia, "Mzee, mwaka huu haipo." Akauliza kwa nini. Ningemwelezaje habari za akaunti?

Kwa hiyo sikiliza: aliyepakia ndiye anayeandikiwa. Hoja, marejesho, tarehe ya mwisho ya kujibu, vyote vinamwendea yeye. Pakia kwa akaunti yako, yenye barua pepe unayoifungua kila siku na namba ya simu iliyo mfukoni mwako. Halafu usiridhike na rangi. Lifungue pendekezo lenyewe, nenda kwenye maoni, soma kwa macho yako kila wiki. Usikubali kuambiwa eti nywila ya mzee haina shida. Namba yako ya siri ya M-Pesa humpi hata mdogo wako, iweje mtaala wa watoto wa watu uupitishe kwenye akaunti ya mtu aliyeshakabidhi ofisi?

Najua presha ilivyo. Tangu HEET, ule mradi wa kuboresha elimu ya juu, ianze mwaka 2021 na zile dola milioni 425 za Benki ya Dunia, idara zimekuwa zinahuisha mitaala kwa kukimbizana na kalenda. Bora uchelewe siku tatu ukifuatilia ruhusa.

Kuhusu krediti ulizouliza: usiongeze kozi moja bila kujumlisha jedwali zima upya, kwa kikokotoo, na mtu wa pili ajumlishe peke yake bila kuona jibu lako.

Barua niliyotumia mimi baadaye ni hii, inakili: "Naomba akaunti yangu ipewe ruhusa ya kuwasilisha na kujibu mapendekezo ya mitaala ya idara, na taarifa zote za mfumo ziende pia kwenye barua pepe ya ofisi ya idara." Mkuu wa idara asaini. Ipeleke kwa mkono asubuhi, usiiache mapokezi. Kaa hapohapo na kompyuta yako mpaka kile kitufe kitokee kwenye akaunti yako, kisha mwombe mratibu akutumie ujumbe wa majaribio kupitia mfumo. Usipokufikia, usiondoke.