Mpingo mweusi, sprusi nyeupe: kutia njumu ya roseti kwenye gitaa

Mafundi wa pwani walipotengeneza viti vya enzi walitia njumu nyeupe, za pembe na mfupa, kwenye mbao nyeusi. Kwenye gitaa mara nyingi tunafanya kinyume: uso ni sprusi, mbao nyeupe na laini, na roseti, yaani pete inayozunguka tundu la sauti, ina mpingo ndani yake. Wewe unayeanza, shida yako kubwa itatoka hapo. Vumbi la mfupa unalipuliza, limeondoka. La mpingo likishaingia kwenye sprusi, limeingia.

Roseti yangu ya kwanza ilikaa barabara. Nikachukua msasa nianze kusawazisha, na kila nikisugua, weupe unageuka kijivu kama ubao umeshikwa na muuza mkaa. Nikadhani nikizidisha vumbi litatoka. Kumbe nalishindilia. Ubao ule niliusubiri miezi, na sikuwa na wa pili.

Siku hizi, kabla ya kukata mfereji wa kulazia pete, napaka shelaki nyepesi (vanishi ya kuyeyushwa kwa spiriti) eneo lote ili ifunge vinyweleo. Mfereji naukata kwa bikari yenye wembe, kina milimita 1.5 hivi, ubao ukiwa bado na unene wa milimita 4. Usiharakie kutoboa tundu la sauti. Ukilitoboa, sindano ya bikari haina pa kukaa. Pale duara linapokwenda sambamba na nyuzinyuzi za mbao, wembe hutaka kuzifuata na kuliacha duara. Pita mara nyingi, kwa mkono mwepesi.

Pete iingie kwa kusukumwa na kidole gumba. Ikidai nyundo ingali kavu, gundi ya maji itaivimbisha na haitaingia tena. Maungio yake yaelekeze upande wa shingo, yafunikwe na ubao wa kubonyezea nyuzi.

Gundi ikikauka, msasa ukae mbali. Sawazisha kwa bamba la chuma la kukwangulia lililonolewa vizuri: linatoa maganda membamba badala ya vumbi. Unene uliobaki upunguze kwa upande wa ndani.

Na ukifika kwenye shelaki ya mwisho, kumbuka rangi ya mpingo huyeyuka kwenye spiriti. Kitambaa kisilowe. Kiende kwa kuifuata pete, kisiikate, na ukigeuze upande safi kila ukimaliza mzunguko.